Anayetoa Mguu Kwanza

Breki alianza kugombana na mahali pale kabla teksi haijasimama. Alianza na barabara. Enzi zao ilikuwa ya kokoto, ikipanda kilima kwa kujikunja, na gari likipita kokoto zilirukaruka chini ya matairi kama bisi kwenye sufuria. Sasa ilikuwa imemwagwa zege laini mpaka mlangoni.

"Nani aliwaambia tunataka zege?" aliuliza, na dereva, ambaye hakuwa na hatia yoyote, akajibu kwamba yeye huku ni mgeni.

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa amefundisha udereva karibu maisha yake yote, na wanafunzi ndio waliombatiza Breki, kwa sababu hata alipoendeshwa na dereva mzoefu, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari kila alipohisi hatari. Tena si ndani ya gari tu. Mezani, sebuleni, kwenye foleni ya benki, ukimwambia jambo lisilompendeza, mguu ule uliikandamiza sakafu kabla mdomo haujafunguka. Waliomjua walitazama mguu kwanza, uso baadaye.

Aliyekaa naye kiti cha nyuma alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake, mwanamke mpole aliyefanya kazi kwenye duka la miwani akikata vioo na kuviingiza kwenye fremu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Miwani. Yeye hata hakuliona hilo zege. Alikuwa na neno tumboni, na neno lenyewe lilikuwa hili: kuna mwanamume ameomba kumwoa, naye amekubali.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa friji, mgane, mtu wa maneno machache. Alikuja dukani kupimwa macho, akasoma herufi zote hadi mstari wa mwisho bila kukosea, kisha akarudi wiki iliyofuata akidai bado haoni vizuri. Huhitaji kuwa daktari kuutambua ugonjwa wa aina hiyo. Watoto wa Mama Miwani walikuwa wameambiwa na wameridhia. Majirani walikuwa wamenusa. Aliyebaki ni wifi mtu, na huyo ndiye aliyekuwa kazi.

Breki hakuolewa, hakuzaa, wazazi walishatangulia, na kaka yake huyo mmoja alipofariki, nyumba ya wifi ndiyo iliyobaki kuwa kwao. Jumapili alikula huko. Akiumwa alilala huko. Kumwambia "naolewa" ilikuwa kama kumwambia "nahama, na kwenu naondoka nako." Mama Miwani alikuwa amejiapiza kwamba hawataondoka hapa ziwani kabla hajasema. Mficha maradhi, kilio humfichua, na yeye hakutaka Breki aje kuyasikia haya kwa muuza nyanya.

Mahali penyewe palikuwa vijumba vichache vya wageni juu ya ziwa dogo milimani. Kaka mtu ndiye aliyewaleta hapa, tangu mwaka aliooa. Watu walimcheka sana. Nani anakwenda fungate na dada yake? Yeye alijibu kwamba dada yake ndiye mwenye leseni. Basi ikawa ndiyo desturi, wote watatu, kila mwaka wiki ileile, kijumba namba tatu. Walikosa mwaka alipougua na mwaka wa msiba. Sasa walikuwa wamerudi wawili, kwa teksi, maana gari la marehemu lilishauzwa.

Mapokezi nako kulikuwa kumegeuka. Zamani palikuwa na ubao wenye misumari, na funguo zilizofungiwa vipande vya mbao vizito makusudi ili mgeni asiondoke nazo mfukoni. Sasa palikuwa na kompyuta, ua la plastiki na binti mwenye simu mbili. Binti akatabasamu, akaweka mezani kadi tatu za kufungulia mlango.

"Karibuni sana. Kijumba namba tatu, watu watatu. Mwenzenu anakuja baadaye?"

Mama Miwani akatazama chini. Mguu wa wifi yake ulikuwa umekandamiza vigae mpaka kiatu kikapinda.

Kwa kuwa walikuwa wamekosa miaka miwili, Breki ndiye aliyepiga simu kushika nafasi. "Namba tatu, watu watatu," ndivyo alivyosema miaka yote, na safari hii mdomo ulikuwa umetangulia wenyewe, akili ikabaki nyuma. Mtu mwingine angesema jamani nimekosea. Breki hakuwahi kukosea mbele ya mwanafunzi, na kwake kila aliye chini ya miaka arobaini alikuwa mwanafunzi.

"Hakuna anayekuja," alisema. "Lete kadi zote."

"Mama, naweza kuwabadilishia. Kuna chumba kizuri cha wawili..."

"Binti yangu, hapa mmeshabadilisha vya kutosha."

Kijumba chenyewe, kilichokuwa cheupe chenye mlango wa kijani, kilikuwa kimepakwa rangi ya majivu. Ndani, taulo tatu zilikunjwa mfano wa bata, na kwenye sinia palikuwa na vikombe vitatu. Lakini lililomkata Breki maini lilikuwa barazani. Viti vile vitatu vya turubai, kimoja mkono wake umevunjika na kufungwa kamba na marehemu mwenyewe, havikuwepo. Mahali pake palining'inia kiti kirefu cha kamba, cha watu wawili.

"Bembea!" Breki akasema. "Watu wazima na akili zetu tunabembezwa?"

Hata hivyo alikaa, maana alikuwa amechoka. Bembea ikaondoka naye kwa nyuma, na mguu wake ukatafuta breki hewani, ukakosa. Mama Miwani akajiuma mdomo asicheke.

Wa zamani aliyebaki alikuwa mpishi peke yake, ingawa nywele zake zilikuwa zimehama. Jioni alitoka jikoni akawashika mikono wote wawili, akawapa pole, akamkumbuka marehemu kwa jina alilompa mwenyewe: Bwana wa Mayai ya Mawe, kwa sababu alitaka yai lichemke mpaka liweze kuvunja kioo. Kisha akamgeukia Mama Miwani.

"Lakini wewe mama umenawiri. Umependeza kweli."

"Ni hewa ya huku," Mama Miwani akajibu haraka.

"Tumefika leo," Breki akasema. "Hewa imefanya kazi saa ngapi?"

Mpishi akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Jioni hiyo Mama Miwani alijaribu. Alipiga moyo konde, akasafisha koo, akasema, "Wifi, nina jambo."

"Hata mimi nina jambo," Breki akaitikia kutoka bafuni. "Sabuni hii inanuka ndizi. Sabuni ya ndizi! Angekuwepo kaka angeirudisha." Kisha ikafuata taa, kisha pazia, kisha kengele ya chakula iliyokuwa ikigongwa kwa mkono na sasa imekuwa ujumbe kwenye simu. Kila kilichobadilika alikichukua kama tusi alilotukanwa kaka yake. Mama Miwani alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza. Kama rangi ya ukuta tu ni usaliti, mume mpya ataitwa nani?

Sasa kulikuwa na mchezo wao. Asubuhi ya kwanza, kabla ya chakula, watatu hao walishuka ziwani, wakakaa kwenye ngazi za mawe na kutumbukiza miguu. Maji ya pale yalikuwa baridi ya kuuma mfupa. Anayetoa mguu kwanza ndiye atakayeosha vikombe vya chai mpaka siku ya kuondoka. Kila mwaka alishindwa kaka mtu. Alikuwa akiruka na kupiga kelele, "Jamani nakufa!" na wanawake wakicheka mpaka machozi. Wiki nzima alisimama bombani nyuma ya kijumba, taulo begani, akiosha vikombe huku anapiga mluzi. Mkewe alimwita Mwanamume wa Maji Moto, na jina likamganda.

Asubuhi iliyofuata hawakuambizana kitu. Walivaa kandambili wakashuka. Zilipokuwa ngazi palikuwa pamejengwa sakafu pana yenye miavuli na kibao cha kukataza hili na lile. Breki alikisoma kibao chote, akakipuuza chote, akazunguka nyuma ya kibanda cha pampu. Huko, kwenye majani marefu, mawe matatu ya ngazi ya zamani yalikuwa bado yanaingia majini.

"Angalau hili wamelisahau," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea kwa mara ya kwanza tangu wafike.

Wakakaa. Waliacha nafasi katikati bila kupatana, nafasi ya mtu mmoja. Wakatumbukiza miguu, na baridi ikawapanda mpaka magotini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama Miwani alikuwa amevua kandambili tu, lakini alijua hapa hakuna tena kurudi nyuma.

"Wifi," alisema. "Naolewa."

Chini ya maji, mguu wa kulia wa Breki ulikandamiza. Tope likapanda likafanya wingu, na wingu likachukua muda wake kutulia.

"Fundi wa friji," Breki akasema hatimaye.

"Unajua?"

"Friji yako mpya, wifi. Mpya! Na mwaka huu imetengenezwa mara tatu." Hakumtazama. "Nilikuwa nasubiri uniambie kwamba ni maneno ya watu."

"Si maneno ya watu."

Breki akatoa miguu yote miwili, akachukua kandambili mkononi, akaondoka peku juu ya sakafu ile mpya, akiacha nyayo za maji nyuma yake.

Mama Miwani alibaki pale mpaka vidole vikafa ganzi. Alilia. Hakulia kwa aibu, maana hakuona alilokosa. Alilia kwa sababu alikuwa na furaha, na mtu ambaye yeye alitaka kumgawia furaha hiyo kuliko wote alikuwa amempa kisogo.

Siku ile Breki hakuja mezani. Alishinda jikoni akibishana na mpishi juu ya njia sahihi ya kupindua yai, na sauti yake ilisikika mpaka barazani. Mama Miwani alikula peke yake, akarudi kijumbani, akajilaza bila usingizi. Alikuwa akihesabu moyoni maneno aliyopaswa kusema badala ya yale mawili makavu. Mchana ulipoanza kupoa, akasikia bomba la nyuma linafunguliwa.

Alimkuta Breki ameinama, taulo begani, anaosha vikombe. Viwili vya chai ya alfajiri, na cha tatu ambacho hakuna aliyekigusa.

"Hicho hakikutumika," Mama Miwani akasema.

"Kimeingia vumbi. Nimeshindwa, naosha."

"Ulitoa mguu kwa hasira, wifi. Haihesabiki."

"Mguu ni mguu. Mwanafunzi akizimikiwa na gari kwenye mtihani, mimi simuulizi limezimika kwa hasira au kwa furaha. Amefeli."

Mama Miwani alicheka kidogo, kicheko cha kupima maji. Mwenzake hakucheka, lakini pia hakuondoka.

"Ndiyo mara yako ya kwanza kushindwa," Mama Miwani akaendelea. "Miaka yote alikuwa yeye, maskini. Baridi ilimshinda kabisa."

Breki alikiweka kikombe chini. Akafunga bomba.

"Baridi? Kaka yangu mimi?"

"Si alikuwa anaruka?"

"Wifi, sisi tumelelewa na bibi aliyetuogesha alfajiri kwa maji ya pipa yaliyolala nje. Mimi nilikuwa nalia. Yeye alikuwa anaimba. Mtu yule angekaa humo ziwani mpaka samaki wamzoee."

"Sasa mbona..."

"Mwaka ule wa kwanza, ulikuja huku mikono imekatikakatika kwa vioo. Ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza kazi. Vidole vyote plasta. Tulipokuwa njiani wewe umesinzia, akaniambia, huyu hataosha kitu wiki hii, lakini nikimwambia apumzike atakataa, namjua, atasema yeye si mgonjwa. Nikamuuliza, sasa utafanyaje? Akasema atabuni mchezo. Na akanionya mimi nisithubutu kutoa mguu kabla yake nikamharibia."

Mama Miwani akavitazama vidole vyake.

"Lakini mikono yangu ilipona," alisema. "Ilipona mwaka uleule."

"Ilipona. Lakini ulikuwa umecheka sana siku ile. Mwaka uliofuata nikamwambia basi, amepona, acha ujinga. Akasema hapana, mimi nataka kumwona anavyocheka. Ndiyo ikawa hivyo. Na wewe unamwita Mwanamume wa Maji Moto, yeye anapiga mluzi."

Mama Miwani akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Alikuwa amelala na mtu yule kitanda kimoja miaka yote hiyo, amemzalia, amemuuguza, amemzika, na kumbe alikuwa bado hajamaliza kumjua. Alimkumbuka wakati ule kwa uchungu kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu na mambo ya kufanya. Sasa kulikuwa na bomba linalodondosha tone moja moja, na vikombe vitatu.

Kisha hofu ikamjia, na akaisema ilivyo. "Umeniambia haya ili nisiolewe."

"Nimekuambia kwa sababu umemwita maskini."

Breki alifuta mikono yake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kisha akakaa naye kizingitini. Safari hii hawakuacha nafasi katikati, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba.

"Mimi si mjinga," akasema. "Mtu hawezi kukaa na kaburi. Na huyo fundi nimeshamchunguza, usifikiri nimekaa tu. Halewi, hana deni, na kwenye mzunguko wa barabara anasimama kama inavyotakiwa. Nilimfuata nyuma kwa teksi."

"Wifi!"

"Nisikilize. Mimi sigombani na yeye. Nauliza jambo moja tu. Siku ukiwa mke wa mtu mwingine, mimi nitakuwa wifi wa nani?"

Mama Miwani alitazama mguu. Haukukandamiza chochote. Ulikuwa umelala tu pale sakafuni, kisigino kimepauka kwa maji, mguu wa mwanamke mzee kidogo aliyechoka. Hilo lilimuumiza kuliko mambo yote ya siku ile.

"Mume anakufa," alisema. "Mume anaachika pia, wapo waliowaacha. Lakini wifi ni nani alishawahi kumpa talaka? Hata ningeitaka, ningeiomba wapi? Wewe mwenyewe ungenikatalia."

"Ningekukatalia," Breki akasema. "Ningekukatalia mbele ya watu."

"Basi. Unauliza nini sasa?"

Breki alijikaza kisabuni, lakini safari hii sabuni iliteleza. Alilia kwa sauti, kilio chake chote cha msiba ambacho msibani alikizuia kwa sababu alikuwa akiongoza magari ya waombolezaji. Wifi yake alimshika bega, akamwacha alie. Alipomaliza, Mama Miwani alinyoosha mkono achukue kitambaa akaushe vikombe.

"Weka chini hicho," Breki akasema huku anapenga kamasi. "Nimeshindwa mimi. Sheria ni sheria."

Siku zilizobaki zilikwenda zenyewe. Breki aliendelea kuilaani rangi ya majivu, na kibao, na sabuni ya ndizi. Lakini asubuhi moja Mama Miwani alimkuta amesinzia kwenye bembea, mguu wa kulia unasukuma sakafu taratibu, unasukuma na kuachia, naye akarudi ndani kwa kunyata.

Siku ya kuondoka walisimama tena mbele ya binti wa mapokezi. Kwa kawaida yao hawakuwahi kuondoka bila kushika nafasi ya mwaka unaofuata. Binti alikuwa amejifunza, maskini wa Mungu, na alitaka kuonyesha kwamba amejifunza.

"Wiki ileile, kijumba namba tatu," alisema huku akiandika. "Nimewawekea watu wawili, mama, ili lile kosa lisijirudie."

Mama Miwani akatazama chini. Mguu ulikuwa umetulia.

"Kosa gani?" Breki akauliza. "Andika watatu."

Binti akaandika watatu. Breki akachukua mkoba wake, akamgeukia wifi yake.

"Huyo fundi wako ana gari?"

"Ana pikapu."

"Naendesha mimi. Na umwambie maji ya huku ni baridi, na anayetoa mguu kwanza anaosha vikombe."

"Nitamwambia."

"Usimwambie zaidi ya hapo," Breki akasema. "Kama ni mwanamume wa kukufaa, atajua mwenyewe la kufanya."